Waliofutwa kwenye kitabu: historia ya Squats na hasira ya mashabiki wa Warhammer 40,000

Ndugu zangu na dada zangu, zamu yangu ya historia imefika, na najua mtanicheka. Wenzangu wameshaandika hapa mambo mazito: reli, vita, mipaka, wafalme. Mimi naleta historia ya ulimwengu ambao haupo. Haujawahi kuwepo. Ni ulimwengu wa mchezo, wenye roboti na vyombo vya anga, na watu wazima wenye kazi na watoto wameugombania kwa miaka zaidi ya 30. Msifunge simu kwanza. Na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, msiseme eti vijana wamekosa kazi. Tumekosa kazi, ndiyo, lakini hii ni habari nyingine.

Nilianzia kwenye chumba cha kompyuta cha hapa kambini. Wale mliopita pale mnaijua ile mashine ya pembeni, ile inayozimika kila wingu likipita juu ya sola. Ndani yake mtu aliacha mchezo wa zamani unaitwa Dawn of War, wa mwaka 2004. Unaongoza askari wakubwa wenye mavazi mekundu, wanaitwa Blood Ravens, yaani kunguru wa damu. Tuliucheza bila kuelewa kitu, tulikuwa tunafyatua tu. Halafu siku moja nikaanza kusoma yale maandishi ambayo kila mtu anayaruka, nikakuta kwamba hao kunguru hawajui wametoka wapi. Vikosi vingine vingi vinajua mwanzilishi wao ni nani. Hao hawana. Karatasi za mwanzo wao zimepotea, na kwa sababu hiyo wanakusanya vitabu na kumbukumbu kama wendawazimu, wakitafuta.

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti.

Nilivyopata bando kidogo nikaenda kutafuta jibu: babu yao ni nani? Sikupata. Nilipata watu wamekasirika. Kurasa na kurasa za watu wa Uingereza, Marekani, Poland, Brazil, wote wanalalamika juu ya hadithi ya mchezo wanaoupenda. Wengi wanaamini Blood Ravens ni wana wa kiongozi mmoja aliyeasi, anaitwa Magnus, na kwamba aibu hiyo ndiyo ilifutwa. Dalili zipo kibao. Kampuni haijawahi kusema ndiyo, haijawahi kusema hapana. Nikajiuliza, mbona mtu analilia ukoo wa askari wa plastiki? Ndiyo nikaanza kusoma kwa mpangilio, na haya ndiyo niliyoyapata.

Warhammer 40,000 si mchezo wa kompyuta kwa asili yake. Ni mchezo wa mezani. Unanunua askari wadogo wa plastiki, unawaunganisha kwa gundi, unawapaka rangi kwa brashi nyembamba sana, halafu mnakaa wawili na meza, futi ya kupimia na dadu, mnapigana. Kampuni inaitwa Games Workshop. Ilianzishwa London mwaka 1975 na sasa makao yake ni Nottingham. Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 1987 kwenye kitabu kinaitwa Rogue Trader, kilichoandikwa na Rick Priestley. Ndani yake binadamu wa miaka elfu 40 ijayo wametawanyika kwenye nyota, wanatawaliwa na Kaizari ambaye ni kama maiti, amekaa kwenye kiti cha dhahabu miaka elfu 10, na kila siku watu 1,000 wenye vipaji vya roho wanatolewa sadaka ili asizime kabisa. Dola yake inachukia kila asiye binadamu, inaogopa elimu, inachoma vitabu. Hakuna upande mwema. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Lakini kitabu cha 1987 kilikuwa pia na utani mwingi. Mmoja wa wapelelezi wa kutisha wa Dola aliitwa Obiwan Sherlock Clousseau. Yaani walichukua mzee wa kwenye filamu ya Star Wars, mpelelezi wa London na polisi mjinga wa vichekesho, wakafanya mtu mmoja. Walikuwa vijana wanacheka ofisini. Hawakujua kwamba watu wangekuja kukisoma kitabu chao kama wazee wetu wanavyosoma hati ya shamba.

Na hapa nataka mnielewe kuhusu jinsi hadithi hiyo ilivyotengenezwa, maana ndiyo mzizi wa ugomvi wote. Tukio kubwa kuliko yote kwenye ulimwengu huo linaitwa Horus Heresy, uasi wa Horus. Mwana mpendwa wa Kaizari anamgeuka baba yake, nusu ya majeshi yanamfuata, ndugu wanauana, na kila kitu kinachofuata kwa miaka elfu 10 ni matokeo ya siku hizo. Ukiisoma unadhani mtu alikaa akaomba na kufunga ndipo ikaja. Kumbe ilikuja kwa sababu ya pesa. Mwaka 1988 kampuni ilitoa mchezo mwingine, Adeptus Titanicus, wa roboti kubwa kama maghorofa. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali sana, na walikuwa na uwezo wa kutengeneza moja tu. Kwa hiyo pande zote mbili kwenye boksi zilikuwa na roboti zilezile. Sasa mtaelezaje roboti zilezile kupigana zenyewe kwa zenyewe? Mnasema ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. Basi. Kutoka kwenye kalibu moja ikazaliwa hadithi ambayo baadaye, kuanzia mwaka 2006 mpaka 2024, iliandikiwa vitabu zaidi ya 60.

Siisemi hii kwa dharau. Mimi naipenda zaidi kwa kujua hivyo. Ila mnaona sasa: tangu mwanzo, hadithi ilikuwa inafuata kinachouzwa. Wakiwa na kalibu, kuna hadithi. Kalibu ikiisha, hadithi inaweza kuisha pia. Na ndivyo ilivyowapata Squats.

Squats walikuwepo kwenye kitabu cha 1987. Ni binadamu waliotumwa zamani sana kwenye sayari za katikati ya nyota, sayari zenye mvuto mkubwa unaokukandamiza chini, wakachimba madini huko. Kwa vizazi vingi miili ikawa mifupi, minene, yenye nguvu. (Najua kuna neno la Kiswahili la watu wafupi. Silitumii. Nyinyi mliotoka upande wetu wa ziwa mnajua linavyotumika kuwatukana Batwa, na hadithi yangu yenyewe inahusu watu walioitwa jina wasilolipenda.) Dhoruba za angani zikawatenga na ndugu zao wa Dunia kwa muda mrefu sana. Walipokutana tena walikuwa tayari na utawala wao, umoja wa ngome, ufundi wao, wazee wao wanaoishi miaka mamia na kuheshimiwa kuliko mfalme. Hawakusahau deni, na hawakusahau matusi. Walipanda pikipiki kubwa za magurudumu matatu. Kwenye mchezo mwingine wa askari wadogo zaidi walikuwa hata na treni ya vita.

Ukiangalia picha zao za miaka ya 1980 utacheka. Ndevu, miwani, makoti, sura za waendesha pikipiki waliotoka baa. Jina lenyewe, Squat, kwa Kiingereza ni kama kumwita mtu "kifupi-nene". Lilikuwa utani. Lakini kuna watu waliwapenda. Mtoto wa Uingereza miaka hiyo anaweka akiba ya wiki, ananunua Squats watano, anawapaka rangi. Anajua ngome zao kwa majina. Mwaka 1993 ilitoka toleo la pili la mchezo, na kila jeshi likaanza kupewa kitabu chake, Codex. Squats walipata orodha fupi kwenye kitabu cha pamoja, wakaambiwa kama wasubiri. Wakasubiri. Mwaka 1998 likaja toleo la tatu. Squats hawamo.

Hakukuwa na tangazo la maana kwenye kitabu. Hawakufa vitani, hawakuhama. Ukifungua kurasa, hawapo tu, kama vile hawajawahi kuzaliwa. Baadaye yakaja maelezo ya ndani ya hadithi, mafupi: kuna wadudu wa angani wanaitwa Tyranids ambao hula sayari nzima mpaka inabaki jiwe. Walipita huko katikati ya nyota. Wakala ngome zote. Mwisho. Taifa zima limemalizika kwa sentensi.

Na kuna maelezo ya nje ya hadithi, ambayo ni ya kweli zaidi. Jervis Johnson, mmoja wa wabunifu wakubwa wa kampuni, alikuja kueleza kwa uwazi kwamba wao wenyewe hawakuridhika na Squats. Waliona wamewageuza vichekesho, wamewanyima heshima ambayo watu wa aina hiyo wanayo kwenye hadithi za kale, na hawakupata njia ya kuwarekebisha. Kwa hiyo wakawaacha. Nilipoisoma nilimheshimu, maana alikiri. Ila fikiria wewe ndiye mwenye jeshi. Kosa lilikuwa la mwandishi, lakini aliyeliwa na wadudu ni Squat.

Kwa mashabiki ikawa neno. Mpaka leo jeshi lolote likianza kusahaulika, vitabu havitoki, sanamu zinaondolewa dukani, Waingereza wanasema limekuwa "squatted". Watu wanaulizana kwa hofu, je, na sisi tutafanywa hivyo? Ndiyo maana juzi kwenye kikundi chetu, wakati tunazungumzia majina yaliyorukwa kwenye ile orodha, niliandika "wamefanywa Squats" na nusu yenu mkaniuliza nimelewa nini. Sasa mmejua.

Si Squats tu. Nitapita haraka. Mwaka 2002 walipewa kitabu Necrons, mifupa ya chuma inayoamka kutoka makaburini, kimya kabisa, watumwa wa miungu inayokula nyota. Hawakuwa na jina, hawakuwa na huruma, na watu waliwapenda kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2011 kikatoka kitabu kipya: kumbe wana wafalme, wana majina, wana ugomvi wa kifamilia, na ile miungu walishaivunja vipande zamani sana na kuifunga minyororo. Wapo waliofurahi, na mimi nakiri wafalme hao wana mambo. Lakini kuna mtu aliyelala ana jeshi la mauti akaamka ana jeshi la madiwani. Mwaka 2017 wakaja Space Marines wapya, warefu zaidi, wenye nguvu zaidi, ambao eti mwanasayansi mmoja alikuwa anawatengeneza kwa siri miaka elfu 10 na hakuna aliyejua. Kila shabiki mwenye kabati la Space Marines wa zamani aliielewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Na kuna jambo la mwaka 2024, hilo siwezi kupita haraka.

Kaizari ana walinzi wake binafsi, elfu 10, wa mavazi ya dhahabu, wanaitwa Custodes. Kwa miaka mingi vitabu viliwaeleza kama wanaume. Viliandika kwamba wanachukuliwa wakiwa wachanga, watoto wa kiume wa familia kubwa za Dunia. Mwezi wa nne 2024 kikatoka kitabu kipya na ndani yake kuna mlinzi mwanamke. Watu wakauliza. Ukurasa rasmi wa kampuni ukajibu kwa ufupi kwamba walinzi wanawake wamekuwepo siku zote, tangu wale elfu 10 wa kwanza.

Siku zote.

Mlipuko uliotokea sitaueleza wote maana mwingine ni uchafu. Kulikuwa na wanaume ambao shida yao ilikuwa mwanamke tu. Hao wangelalamika hata angewekwa vipi, na walitukana watu, hasa wanawake wanaocheza. Sina la kuwatetea. Mimi napenda mlinzi mwanamke awepo, na nina dada watatu nyumbani ambao wangewatoa jasho hao wanaume. Lakini chini ya kelele hizo kulikuwa na watu wengine, wengi, waliokuwa wanasema kitu tofauti kabisa: badilisheni, hatukatai, ni hadithi yenu, ila msituambie hamjabadilisha. Kitabu ninacho hapa mkononi. Nimekisoma. Msiniambie sijakisoma.

Naomba niingize jambo langu hapa, ni dogo. Kwenye karatasi zangu nimezaliwa tarehe 1 mwezi wa 1. Wengi wenu pia, tunafanyaga utani kwamba kambi nzima ina sherehe moja ya kuzaliwa. Mama anakumbuka kwamba mahindi yalikuwa magotini, kwa hiyo ni mwezi wa kumi hivi au wa kumi na moja. Tulipofika, mimi nikiwa mdogo, palikuwa na foleni, jua kali, mtu hakuwa na muda, akaandika moja ya moja. Sawa. Namwelewa. Miaka mingi baadaye nikaenda kwenye dirisha moja kuomba isahihishwe, na yule kijana akaangalia kompyuta akaniambia, "Hapa haijawahi kubadilishwa, ndivyo ilivyo tangu mwanzo, wewe ndiye umesahau." Tarehe yenyewe hainiumi, keki hakuna kwa vyovyote. Lile la "wewe ndiye umesahau" nilitembea nalo mpaka nyumba.

Kwa hiyo niliposoma juu ya wale Waingereza na vitabu vyao mkononi nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Kampuni ina utetezi wake, na lazima niuseme kwa haki. Kwa miaka mingi wahariri wao wamekuwa wakieleza hivi: msichukulie kitabu chochote cha Warhammer kama ukweli wa Mungu. Kila kitabu ni sauti ya mtu wa ndani ya ulimwengu ule. Dola inadanganya, makarani wanakosea, wapelelezi wanafuta, askari wanajisifu. Vitabu viwili vikipingana, vyote ni halali na vyote vinaweza kuwa uongo. Na kweli ndani ya hadithi Dola inafanya hivyo. Majeshi ya kwanza ya Space Marines yalikuwa 20, lakini la pili na la kumi na moja yamefutwa kwenye kila kumbukumbu. Hakuna jina, hakuna kosa, hakuna kaburi. Ndugu zao wanakatazwa kuwataja. Miaka yote hiyo mashabiki wanaomba kuambiwa na hawaambiwi, na hapa mimi niko upande wa kampuni, wasiseme kamwe. Ule upweke wa nafasi mbili tupu kwenye orodha unakueleza Dola ni nini kuliko vitabu kumi.

Ni utetezi mzuri sana. Kwangu ni mzuri kupita kiasi. Kwa sababu ukishausema, huwezi tena kukosea. Kila kosa la mwandishi linakuwa uongo wa mhusika. Kila uamuzi wa soko linakuwa siri ya Dola. Karani wa hadithini anapofuta, tunajua ni ubaya, tumeandikiwa tuuone. Karani wa Nottingham anapofuta, tunaambiwa huo ndio uzuri wa ulimwengu wetu. Hawa wawili si kitu kimoja. Wa kwanza hayupo. Wa pili ana mshahara, na wewe umempa pesa yako.

Kuna sehemu nyingine ambapo utata huo uliwachoma wenyewe. Mwezi wa kumi na moja 2021, kwenye mashindano huko Hispania, mchezaji mmoja alikuja amevaa alama za Manazi. Games Workshop ikatoa tamko kwamba Dola ya hadithini inaendeshwa na chuki lakini Warhammer haiendeshwi na chuki, kwamba Dola ni kejeli, ni onyo, si mfano wa kufuatwa. Nililipenda tamko. Lakini mashabiki waliuliza swali la haki: kama ni kejeli, mbona kwenye boksi askari wa Dola ndiye shujaa, taa zote ziko juu yake, riwaya mia zinamlilia? Mwaka 1987 mlicheka, tukajua mnacheka. Siku hizi hamcheki, na wengine wameanza kuamini. Sisi tuliokimbia watu wenye nyimbo nzuri na sare safi tunajua kwamba kejeli isiyochekesha haitofautiani sana na wimbo wenyewe.

Sasa narudi kwa Squats, maana hawakuisha.

Miaka yote hiyo, kutoka 1998, kulikuwa na watu ambao hawakuwatupa. Waliwahifadhi kwenye masanduku. Waliandika kanuni zao wenyewe za kuwachezesha. Walijaza kumbukumbu za mashabiki, kama ile Lexicanum, kwa kila mstari uliowahi kuandikwa juu yao, kila ngome, kila chama cha mafundi, kusudi mtu asije kusema havikuwepo. Hawakulipwa. Wengine walichekwa, maana kupenda Squats ilikuwa kama kushabikia timu iliyofutwa kwenye ligi.

Tarehe 1 mwezi wa nne 2022, siku ya wajinga, kampuni ikatoa video kwamba wanarudi. Kila mtu akasema, eh, wanatucheka tena. Siku zilizofuata wakathibitisha ni kweli. Mwisho wa mwaka huo walikuwa dukani, jeshi zima jipya, kwa jina Leagues of Votann. Wenyewe wanajiita Kin, yaani jamaa, watu wa ukoo. Wako katikati ya nyota, wanachimba, wanaheshimu mababu, wanakumbuka deni. Na neno Squat? Liko ndani ya hadithi mpya. Ni tusi ambalo watu wa Dola wanawaitia. Waandishi walilichukua kosa lao la mwaka 1987, wakaliweka mdomoni mwa wabaguzi, linapostahili.

Na ukiuliza walikuwa wapi miaka hiyo, jibu la hadithi ni kwamba walikuwepo siku zote. Hawakuliwa wote na wadudu. Dola ndiyo haikuwajua vizuri, wengine iliwaita hivi, wengine vile.

Hapo nilijishika. Maana ni maneno yaleyale! Siku zote. Ya Custodes yalinikera, ya Kin yalinifurahisha mpaka nikasimama. Nilimwambia rafiki yangu wa jirani, yeye hachezi lakini anasikilizaga, akaniambia, "Wewe unapenda uongo unaokupendeza." Labda. Nimelifikiria wiki mbili. Ninachoona ni kwamba kwa Squats kampuni haikuficha kovu. Walitumia jina la zamani, walitania juu ya miaka yao ya kufutwa, walimwacha kila shabiki mzee aseme "nilikuwepo mimi" na wakakubali kwamba alikuwepo. Kwa Custodes walitoa mstari mmoja na kumwacha msomaji aonekane mgonjwa. Wangeweza kusema tu: tuliandika hivi, sasa tunaandika hivi, tunaona ni bora. Ni sentensi moja. Rafiki yangu bado hakubali, na nimemwachia nafasi aandike zamu ijayo.

Kitu cha mwisho, ambacho nakipenda kuliko vyote kwenye kitabu kipya. Votann wenyewe si watu. Ni mashine za kale sana ambazo Kin wanaziita mababu. Ndani yake kuna kila kitu: ufundi wote, kila safari, maarifa ya waliokufa. Kin akitaka kujua jambo anaenda kuuliza. Lakini mashine zimejaa. Zimebeba miaka mingi mno, na zinakuwa nzito, zinachelewa. Jibu linaweza kuchukua miaka kutoka, na likitoka linaweza kuwa la ajabu, halieleweki. Kin wanajua. Hawafuti kitu ili kuzipa wepesi. Wanakaa, wanangoja.

Nimeona picha moja ya meza ya mchezo, ya shabiki ambaye sura yake haionekani, mikono tu. Upande mmoja amewapanga Kin wapya wa 2022, plastiki safi, pikipiki zao hazina magurudumu tena, zinaelea. Upande wa pili amewapanga Squats wake wa zamani, wa metali nzito, wafupi zaidi, rangi imebanduka kwenye ndevu na mmoja amevunjika mkono. Kanuni za sasa haziwatambui hawa wa zamani. Amewapanga hivyohivyo, mstari mmoja, na pikipiki za magurudumu matatu ziko mbele.